Lebo ya GMO haifiki kwenye gorogoro

Kabla ya Oktoba 2022, neno GMO halikuwa na nafasi katika mazungumzo ya mama mmoja wa watoto watatu anayeishi Kisauni, Mombasa. Tarehe 3 mwezi huo, Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku ya vyakula hivyo iliyokuwapo tangu Novemba 2012. Kufikia jioni simu yake ilikuwa imejaa sauti za watu asiowajua wakionya kuhusu saratani na utasa. Ulikuwa mwaka wa ukame, pakiti ya unga ya kilo 2 ilikuwa imepita Sh200, na kitinda mimba wake ndiyo kwanza anaanza kuonja uji.

Hakuziamini sauti zile, wala hakuthubutu kuzifuta. Wazazi wengi waliishi hapo katikati, na kesi zilizofuata mahakamani hazikuwatoa.

Alimwendea dada yake mdogo, mwalimu wa baiolojia. Akaelezwa kwamba mahindi ya Bt yametiwa jeni ya bakteria wa udongoni, ili mmea wenyewe utengeneze protini inayoua bungua. Akaelezwa pia kuwa ule utafiti wa panya uliofanywa Ufaransa na kutangazwa Septemba 2012 uliondolewa na jarida lililouchapisha mwaka uliofuata. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyomo katika soko la kimataifa vimepimwa usalama wake, na havielekei kumdhuru mlaji. Mama huyu alisikiliza yote, akakubali mengi.

"Sawa," akasema, "lakini dukani nitajuaje ni yapi?"

Mwalimu akanyamaza.

Swali hilo halimhitaji mtu awe na hofu. Mwislamu anayegeuza pakiti ya peremende kutafuta kama ina gelatini hadai kuwa ina sumu. Anataka tu kuamua mwenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na anachokinunua. Kanuni za lebo za mwaka 2012, zilizotokana na sheria ya usalama wa kibayolojia ya 2009, zinataka bidhaa yenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO iandikwe hivyo. Ulaya kiwango ni asilimia 0.9. Marekani, ambako lebo ililazimishwa Januari 2022, huvumilia hadi asilimia 5 iliyoingia bila kukusudiwa. Kwenye karatasi, Mkenya ana ulinzi mzuri.

Lakini lebo inahitaji mahali pa kubandikwa. Mama huyu hununua mahindi kwa gorogoro sokoni Kongowea, kutoka kwa gunia lililofunguliwa na pengine kuongezewa la jirani. Akitoka hapo anayapeleka kusagwa, kwenye mashine ambayo bado ina unga wa aliyemtangulia. Mafuta hununua ya kupimiwa. Kwa wiki nzima anaweza kulisha familia yake bila kushika pakiti hata moja yenye maandishi ya kusomwa. Alipomuuliza mwenye duka mahindi yametoka wapi, alijibiwa kwa upole: "Mama, mahindi ni mahindi. Mimi yananifikia kwa lori."

Hakuwa akificha kitu. Naye hakuambiwa.

Mama mkwe wake, aliyezeekea Makueni, huona mjadala huu wa GMO kama mchezo wa watu wa mjini. Anakumbuka mwaka 2004, sumukuvu, ile aflatoksini, ilipoenea Ukambani. Wagonjwa 317 waliandikishwa na 125 kati yao wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. "Yale yaliyotuua yalikuwa mahindi yetu wenyewe," humwambia mkaza mwanawe. Ni kweli. Yalikuwa ya kienyeji, yakahifadhiwa yakiwa na unyevu, mengine yakauzwa madukani. Hakuna jeni iliyohusika.

Wapo wanaoitumia hoja hiyo kusema kwamba lebo ni anasa ya wenye shibe. Mama wa Kisauni aliipokea kinyume. Kwake, gunia linaloweza kutaja lilikotoka linaweza pia kutaja mbegu yake na jinsi lilivyokaushwa, na gunia bubu huficha yote mawili. Hapo ndipo kanuni za lebo zinapaswa kupelekwa: kwenye lori na ghala la jumla, kabla mahindi hayajamwagwa na kuchanganywa, na kadi ya gunia ifuatane nalo mpaka sokoni. Kumwachia muuza gorogoro mzigo huo ni kumwonea.

Kwa sasa yeye na wenzake wanne wa chama wamepata njia yao. Kila baada ya mavuno huchanga na kuagiza magunia ya kilo 90 kwa mkulima mmoja wanayemjua. Humuuliza amepanda mbegu gani, kisha huyaanika tena juani wenyewe kabla ya kugawana. Hugombana kidogo, kwa sababu anayechelewa kutoa mchango hupewa ya chini ya gunia.

Jirani yao wa mlango wa pili, anayeishi kwa vibarua vya kufua, alialikwa akashukuru, akakataa. Fedha za gunia hazipati kwa pamoja. Yeye hununua nusu gorogoro kila jioni, lolote lililopo.