Likizo Yangu ya Kutazama Ndege Toka Mombasa Hata Nairobi

Desturi ya karani apatapo likizo ni kwenda kwao, kutazama shamba, kuwaamkia wazee na kurudi kazini mfuko umekwisha. Desturi hiyo ni njema, nami nimeifuata miaka mingi. Lakini mwezi wa Novemba mwaka 2022 nilitenga siku tano nisafiri polepole kwa gari la moshi toka Mombasa hata Nairobi, si kwa biashara wala kwa msiba, bali kwa kutazama ndege. Nilichukua darubini, daftari na kitabu chenye picha za ndege. Wenzangu ofisini walicheka sana. Mmoja alisema kuwa kutazama ndege ni kazi ya watalii, na kwamba mkulima humtazama ndege kwa mambo mawili tu: kumla au kumfukuza shambani. Maneno hayo yalinikaa moyoni njia nzima.

Yafaa kwanza msomaji aijue njia yenyewe. Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Reli mpya, ambayo kwa sehemu kubwa yafuatana na ile ya zamani, ilifunguliwa mwaka 2017. Urefu wake ni kilometa 470 hivi, nayo yapanda toka pwani hata zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mtu aketiye dirishani huvuka nchi nne au tano za namna mbalimbali kwa siku moja, na kila nchi ina ndege wake. Nilichagua gari linalosimama katika vituo vya njiani, si lile la haraka, maana ndege wadogo hawaonekani gari likienda mbio. Hao hutazamwa likisimama. Likiwa mwendoni, yatosha kutazama ndege wakubwa, miti na nyaya.

Kituoni Miritini niliagwa na kunguru wa Bara Hindi, wale wenye shingo ya kijivu. Si wenyeji, waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, kisha wakaenea pwani yote, na huwala makinda ya ndege wengine bila huruma. Tulipopita Mariakani minazi ilipungua, ikaja nyika ya Taru yenye miiba na udongo mwekundu. Hapo kunguru nao wakapungua, wakaonekana hondohondo wakiruka kwa kupanda na kushuka, na kanga wakikimbia mfululizo mmoja kama watoto wa shule waliochelewa.

Niliteremka Voi, nikapanda matatu hata Wundanyi katika milima ya Taita, nikalala huko usiku tatu. Bonde lilikuwa limekauka, lakini kule juu palikuwa na baridi na ukungu. Katika msitu wa Ngangao nilimwona ndege mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, akifukua majani makavu chini ya miti. Ndege huyo haonekani mahali pengine popote duniani ila katika milima ile. Yuko na mwingine mdogo zaidi, ambaye kitabu chaonyesha kuwa amebakiwa na hatua chache tu kabla ya kutoweka kabisa. Huyo sikumwona. Sababu yao ni moja: msitu wa asili umekatwa hata vimebaki vipande vidogo juu ya vilele. Na miti hiyo hiyo ndiyo inayonasa ukungu na kuhifadhi maji ya vijito vinavyonywesha mashamba ya mabondeni. Ndege na mkulima wanakunywa katika kata moja.

Siku ya nne nilirudi Voi nikapanda gari tena. Reli inapita katikati ya Tsavo juu ya tuta refu, na chini yake pameachwa njia za tembo na wanyama wengine. Mwaka ule ulikuwa wa ukame mkali. Mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu, na pande zote mbili za reli nchi ilikuwa rangi ya majivu.

Katika kituo cha Mtito Andei aliingia mzee mmoja wa Ukambani, mkulima, akaketi mbele yangu. Tuliamkiana. Baada ya kuniangalia kitambo akauliza, "Mwanangu, unatafuta nini huko nje na chombo hicho?"

Nikamjibu, "Ndege, mzee."

"Umepotelewa na ndege?"

Nikamweleza kuwa niko likizoni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwelea walikula mtama wangu kwa siku tatu. Mke wangu na wajukuu walipiga madebe toka alfajiri hata magharibi, sauti zikawakauka. Nawe walipa nauli uwatazame?"

Swali lile lilikuwa zito kuliko kicheko cha ofisini, wala sikuwa na jibu la haraka. Lakini mbele ya Kibwezi, penye mibuyu iliyojaa viota vikubwa vya vijiti, niliona kozi wadogo wengi wameketi juu ya nyaya. Hao ni kozi wa Amur. Huzaliwa Siberia na Uchina ya kaskazini, huvuka Bara Hindi na bahari, hufika kwetu wakati wa mvua za vuli, na kuendelea hata kusini mwa Afrika. Nikampa mzee darubini.

"Wanakula nini?" akauliza.

"Kumbikumbi, panzi na nzige."

Akawatazama kwa muda mrefu. "Basi hawa wanafuata mvua," akasema. "Ndege wa mvua wa kwetu hajalia mwaka huu. Hawa wametoka mbali bure."

Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Alinitajia majina kumi na moja ya ndege kwa Kikamba, nikayaandika daftarini. Alisimulia habari za mlembe, yule ndege aitaye watu na kuwaongoza hata kwenye mzinga wa nyuki. Baba yake alikuwa akimjibu kwa mluzi na kumwachia sehemu ya masega. "Wajukuu wangu hawajamfuata hata siku moja," alisema. "Miti imekwisha kuwa makaa. Mlembe atawaita wapi?" Aliteremka Emali akaniombea safari njema.

Nilipobaki peke yangu, na nyanda za Kapiti zikafunguka, nikamwona ndege mrefu akitembea majanini kwa fahari, manyoya yamechomoza kisogoni kama kalamu nyuma ya sikio. Waswahili humwita karani tamba. Nilicheka, maana ni mwenzangu wa kazi. Naye huua nyoka na panya.

Miezi miwili baadaye, Januari 2023, kwelea walivamia mashamba ya mpunga karibu na Kisumu, na serikali ikanyunyiza sumu. Wataalamu walieleza kuwa ukame ulikuwa umepunguza mbegu za majani ya porini, ambazo ndizo chakula chao cha asili. Sumu hiyo haichagui: kozi au tai alaye kwelea aliyekufa huweza kufa naye. Nikamkumbuka yule mzee. Hasara yake ni ya kweli, na hakuna mtu aliyeshiba mwenye haki ya kumwambia awapende kwelea. Lakini ni yeye, si mimi, aliyeona kuwa majani, miti, mvua na ndege ni habari moja. Nchi ikiharibika, ndege wa faida huondoka kwanza, na wa hasara huja shambani.

Hilo ndilo jibu langu kwa wenzangu. Kumtazama ndege ni kusoma hali ya nchi, na mkulima ana haja ya kusoma hivyo kuliko mtalii. Wala si lazima mtu awe na darubini. Ukisafiri, keti dirishani, uangalie mahali ambapo ndege wanabadilika, ujiulize ni kwa nini. Ukifika kwenu, waulize wazee majina ya ndege kwa lugha yenu na kazi ya kila mmoja, uyaandike. Na kama shamba lina mti mkubwa wenye viota, fikiri mara mbili kabla ya kushika shoka.