Jioni Moja Kasarani na Malkia Strikers

Wengi wetu tukisikia Kasarani tunafikiria kandanda na riadha tu. Lakini kando ya uwanja ule mkubwa, karibu na Thika Road, kuna ukumbi wa michezo ya ndani wenye viti vipatavyo 5,000, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Timu yetu ya taifa ya mpira wa wavu ya wanawake, Malkia Strikers, ilitwaa ubingwa wa Afrika hapa Nairobi mwaka 2011, 2013 na 2015, mara tatu mfululizo.

Mwaka huo wa 2015 nilikwenda huko na wasichana kumi na wawili wa kanisa letu, pamoja na mama zao watatu. Tulibeba viazi vitamu na chai kwenye chupa, maana safari ya akina mama bila chakula haijawahi kuonekana.

Runinga haiwatendei haki dada hawa. Chukua mlango wa nyumba yako, uongeze shubiri moja hivi juu yake: huo ndio urefu wa wavu, mita 2.24. Mchezaji anaruka hadi kiwiko chake kinapita juu, kisha anaushindilia mpira chini na sakafu inalia kama mlango uliopigwa teke. Wasichana wetu walinyamaza kabisa kwa dakika kumi za kwanza. Baadaye hakuna aliyeweza kuwanyamazisha.

Mama mmoja, mshirika wa miaka mingi, aliketi kando yangu akinong'ona kuhusu kaptula. Kufikia seti ya pili alikuwa amesimama, leso imeanguka, anapiga vigelegele. Hata hivyo, njiani kurudi alirudia neno lake la kaptula, na najua hayuko peke yake makanisani. Mimi ni muuguzi. Nimewahudumia wasichana wengi walioacha shule kwa mimba, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba mambo yalianzia uwanjani akiwa na mwalimu na wenzake kumi na mmoja.

Timu hii imesafiri mbali. Imeshiriki Olimpiki Sydney mwaka 2000 na Athens 2004, kisha ikakaa miaka 17 bila kurudi, hadi Michezo ya Tokyo iliyochezwa 2021. Mwaka 2024 ilikuwa Paris, katika kundi moja na Brazil, Poland na Japani. Katika Olimpiki zote hizo nne haikushinda mechi hata moja. Wapo wanaocheka. Lakini hebu tazama Yaoundé, Agosti 2023: Kameruni walikuwa wamelitwaa kombe la Afrika mara tatu mfululizo, na mashindano yalikuwa nyumbani kwao. Dada zetu walikwenda huko, wakaishinda Misri katika fainali na kurudi na taji lao la kumi.

Baadhi ya wachezaji hawa ni mama wa watoto. Hapo ndipo akina mama wenzangu huniuliza maswali zaidi kuliko mahali pengine popote. Ndiyo, mwili hurudi, lakini usiuharakishe. Misuli ya nyonga iliyobeba mtoto miezi tisa inahitaji kukazwa polepole kwanza, na kuruka kusubiri angalau miezi mitatu, zaidi ikiwa ulipasuliwa. Ukivuja mkojo unaporuka au kupiga chafya, usione haya wala usiache mazoezi kimyakimya: mwambie muuguzi, maana yapo mazoezi ya kulitibu. Anayenyonyesha anywe maji ya kutosha, na anyonyeshe kabla ya kuingia mchezoni.

Nyuma ya kanisa letu sasa kuna miti miwili na kamba ya kuanikia nguo katikati yake. Jumamosi saa tisa wasichana huwa hapo. Tulipatana kuhusu mavazi: kaptula ndefu hadi magotini. Mshirika wetu yule wa Kasarani ndiye aliyezishona.