Kutoka Masisi Hata Walikale: Damu na Ukoo

Msafiri atokaye Goma kuelekea magharibi hufika kwanza Sake, mahali Ziwa Kivu linapokomea, kisha huanza kupanda. Hiyo ndiyo nchi ya Masisi: vilima juu ya vilima, malisho mabichi, ng'ombe wa maziwa na jibini yenye sifa. Asubuhi baridi huuma. Hapo wakaa Wahunde na Wanyarwanda. Ukizidi kwenda mbele, nchi yateremka. Malisho yakoma, msitu waanza, hewa yawa nzito kwa joto na unyevu, nao mto Lowa wapita kati ya miti mikubwa. Umefika Walikale, nchi ya Wanyanga na Wakumu.

Wasomaji wapenzi, hatuwachukui katika njia hii ili tuutazame uzuri wa nchi tu. Twataka kusema habari ya jambo lisiloonekana kwa macho, yaani damu ya watu.

Kuna ugonjwa uitwao selimundu. Katika hospitali za Kongo huitwa drepanositozi, au kwa kifupi SS. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni duara na laini, hujikunja mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na kuvunjika upesi. Mtoto huvimba mikono na miguu, hulia kwa maumivu ya mifupa, macho huwa ya manjano. Watoto wawili watatu wa nyumba moja wakifa hivyo, watu huanza kunong'ona: mama ana mkosi, bibi ni mchawi. Ndoa ngapi zimevunjika kwa minong'ono ya namna hiyo!

Basi, ukweli ulijulikanaje? Ulijulikana kwa njia ambayo wazee wetu waijua sana: kuuliza ukoo. Mwaka 1949 Daktari Beet, huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, alichunguza damu za jamaa, wazazi kwa watoto. Mwaka ule ule James Neel alifanya vivyo hivyo Marekani. Wote wawili waliona jambo moja: mtoto mgonjwa amerithi kwa baba na kwa mama pia. Aliyerithi upande mmoja tu ni mzima, ila huchukua mbegu ya ugonjwa. Wachukuzi wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuzaa mgonjwa, 2 katika 4 ya kuzaa mchukuzi, na 1 katika 4 ya kuzaa asiye na mbegu kabisa. Kumbe lawama ya mama peke yake haina msingi!

Lakini mbona mbegu hii haikufutika? Daktari Allison, aliyelelewa Kenya, alilijibu swali hili mwaka 1954. Alikuwa ameona ya kuwa wachukuzi ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, nao ni wachache mno milimani. Sababu ni malaria: mchukuzi hukingwa asiuawe nayo utotoni. Hata kwa jirani zetu Wabwamba, chini ya Ruwenzori karibu na mpaka wa Kongo, Lehmann na Raper walikuta karibu watu 45 katika 100 ni wachukuzi. Mbegu hiyo, basi, si aibu ya kabila lolote. Ni ngao iliyonunuliwa kwa bei ghali.

Kwa kanuni hiyo mtu angetazamia wachukuzi wachache katika baridi ya Masisi, na wengi katika msitu wa Walikale. Lakini tusihukumu damu ya mtu kwa kilima anachokaa. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya Kibelgiji ilileta maelfu ya watu Masisi kutoka Rwanda. Tena tangu vita ya 1993 jamaa nyingi zimekimbia huku na huku, na watu wa milimani na wa msituni wameoana. Mtu hukimbia na damu ya mababu zake.

Ndiyo maana twasema: andikeni ukoo wenu wazee wangali hai. Andikeni sawasawa. Kwetu ndugu wa baba naye huitwa baba. Ulizeni ni nani hasa aliyezaa. Msiwaache mabinti walioolewa mbali, wala watoto waliokufa wachanga ambao hutajwa mara chache. Mara nyingi hao ndio wanaomfumbulia daktari fumbo. Lakini ukoo huonyesha njia tu; kipimo cha damu ndicho kinachokata shauri.

Nanyi vijana mnaotaka kuoana, pimeni kwanza, kabla mahari haijatolewa. Na mtoto aliye mgonjwa asikatiwe tamaa. Mwaka 2019 madaktari wa Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda walitangaza ya kuwa dawa ya haidroksiurea iliwapunguzia watoto maumivu, malaria na vifo. Mpelekeni hospitali mapema, mkingeni na mbu, mpeni maji ya kutosha. Na mama yake mwacheni alale kwa amani, kwa maana mtoto ni wa pande mbili.