Kufuli na Jirani

Sisi tukaao Mkuyuni, jijini Mwanza, tumejenga nyumba zetu kati ya majabali, nyingine zikipanda kilima, nyingine zikielekea ziwani. Kwa kuwaogopa wezi twaongeza unene wa nondo za madirisha, twanunua makufuli makubwa, na juu ya kuta twapanda vigae vya chupa. Hatuvidharau vitu hivyo, kwani mlango usio na komeo humtia mtu tamaa. Lakini yafaa tujiulize: mwizi akivunja kufuli usiku wa manane, ni nani atakayetoka?

Wazee wa Kisukuma walizungusha ua wa minyaa kuzunguka kaya zao. Hata hivyo, kinga yao kubwa ilikuwa mwano, yaani yowe la hatari. Aliyelisikia alishika silaha akatoka mbio. Asiyetoka alitakiwa kueleza sababu, na aghalabu alitozwa faini.

Katika desturi hiyo walichipuka sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipokithiri Usukumani na Unyamwezini. Wanavijiji wenyewe, wakiwa na pinde, mishale na filimbi, walilinda kwa zamu. Waliitwa kwa jina la chungu weusi waumao: mmoja si kitu, bali wakiwa kundi humkimbiza hata mtu mzima. Serikali iliwatambua, na mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili wapewe mamlaka ya kukamata wahalifu.

Hata hivyo, tusiwasifu pasipo kupima. Wako watuhumiwa waliopigwa, hata wakauawa, kabla ya kufikishwa mbele ya hakimu. Wako pia wanawake wazee waliofukuzwa vijijini kwa kushukiwa uchawi. Mwano ni wa kumkamata mwizi, wala si wa kumhukumu. Mlinzi asahauye jambo hilo huwatia hofu wale wale aliotumwa kuwalinda.

Basi na tufunge milango yetu, lakini tujuane majina. Asafiriye amuage jirani yake. Zamu ya ulinzi ikitufikia, tusitoe fedha ili tulale. Na mtuhumiwa akikamatwa, tumfikishe kituoni akiwa mzima. Wahenga walisema kuwa heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Nasi tunaokaa ukuta kwa ukuta hatuna budi kustahili jina hilo la jirani.