KIVUMBASI NA SHETANI WA JIKONI

Bila shaka unakijua kivumbasi. Ni mmea mdogo unaoota kando ya njia na nyuma ya nyumba. Ukiukanyaga, harufu yake hukufuata mpaka mlangoni. Ni ndugu wa mrehani, ambao wengine huutia katika chai.

Bibi yangu, mzaa mama, alining'iniza fungu la kivumbasi juu ya mafiga siku zote. Tulipomwuliza ni la nini, alijibu kwamba kila jikoni pana shetani wake. Alisema shetani huyo ni mdogo kama kidole gumba. Mchana hulala darini. Usiku hushuka, hutoboa kunde ndani ya kibuyu, kisha huwanong'oneza watoto masikioni. Akiudhika huwatia homa. Lakini ana udhaifu mmoja. Akinusa kivumbasi hupiga chafya, tena na tena, mpaka anatoka nje kwa aibu.

Sisi wajukuu tulicheka sana. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kuliondoa fungu lile.

Baadaye nilisomea kilimo, nikawa bwana shamba. Katika kazi hii nimeingia nyumba nyingi za wakulima, na nimekikuta kivumbasi katika nyingi kati ya hizo. Hadithi hutofautiana, lakini jani ni lile lile. Wala si kwetu tu. Wahindu hupanda uani mmea wa jamii hiyo hiyo, uitwao tulasi. Wao huuheshimu kama mungu wa kike. Huuwashia taa jioni, na kila mwaka huufanyia sherehe ya arusi.

Sasa tumtafute shetani huyu kwa akili. Ni nani anayetoboa kunde? Ni fukusi. Ni nani anayenong'ona masikioni gizani? Ni mbu. Na homa huletwa na nani? Na mbu huyo huyo, jike wa aina ya anofelesi. Mwaka 1897, huko India, daktari Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu.

Kivumbasi kina mafuta yenye harufu kali ambayo wadudu hawaipendi. Wataalamu wameupima mmea huu na ndugu zake katika vijiji vya Kenya na Tanzania, wakaona kwamba mbu hupungua. Basi bibi aliona sawasawa. Alichokosa ni darubini tu.

Lakini kupungua si kwisha, na hapa ndipo hadithi inapoweza kuua. Mtoto hupata homa kali, akakakamaa, akageuza macho. Watu husema ni degedege, shetani aliyekuja kwa umbo la ndege. Huanza kumfukizia majani na kumwogesha kwa majani. Usiku unapita, na zahanati haijafikiwa. Nimeyaona haya katika vijiji nilivyofanyia kazi, na nimesimama makaburini zaidi ya mara moja.

Ndugu msomaji, vimelea vya malaria havina pua. Havipigi chafya. Vikiisha kuingia katika damu, harufu ya jani haivitoi. Vinaondolewa kwa dawa ya hospitali, mtoto akiisha kupimwa damu.

Kwa hiyo fanya hivi:

Panda kivumbasi karibu na mlango na dirisha.

Anika kunde zako mpaka punje ukiiuma inavunjika. Changanya na majani makavu ya kivumbasi, kisha funga chombo barabara, hewa isiingie. Fukusi akikosa hewa hufa.

Usiku kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa, hata kama kivumbasi kimejaa mlangoni.

Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu. Usimtie kitu chochote mdomoni. Mpeleke zahanati au kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Hadithi ya shetani wa jikoni tusiitupe. Tuwasimulie watoto wetu, wacheke kama tulivyocheka sisi. Lakini mwili wa mtoto ukichemka, hadithi ingoje. Shika njia ya zahanati.