Siku Nne Katika Mji wa Shaba

Msafiri anayekaribia Lubumbashi huona kwanza vitu viwili: dohani ndefu ya kiwanda cha shaba, na kando yake kilima kikubwa cheusi. Kilima hicho hakikuwapo tangu kuumbwa kwa nchi. Ni mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa tangu mwaka 1911, yakamwagwa pale siku baada ya siku, mpaka yakawa mlima. Tena mlima wenyewe si takataka tupu. Mwanzoni mwa karne hii watu waligundua faida yake, wakaanza kuuchimba na kuuyeyusha upya, kwa maana ndani yake ilibaki kobalti.

Ndugu wasomaji, wengi huenda Lubumbashi kwa biashara, kwa masomo, au kumzika jamaa. Sisi tulikwenda kula, kusikiliza muziki na kutazama kazi za sanaa. Jamaa zetu walitucheka: mtu atalipaje nauli ya mbali ili akatazame picha? Tukawajibu kwamba mji hujulikana kwa mambo hayo kuliko kwa maduka yake.

Mji wenyewe si wa kale. Ulianzishwa mwaka 1910, reli iliyotoka kusini ilipofika, ukaitwa Elisabethville mpaka mwaka 1966. Kampuni ya Union Minière iliwaleta wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Watu hawa hawakuwa na lugha moja ya mama. Kiswahili kikawa lugha ya kazini, halafu ya sokoni, halafu ya watoto waliozaliwa mle mle.

Siku ya kwanza tuliitoa kwa ajili ya tumbo. Tulikwenda katika soko la Kenya. Msishangae: Kenya hii ni mtaa mmoja wa Lubumbashi, ng'ambo ya Kamalondo, na mwenyeji asemapo kwamba anakwenda Kenya, hahitaji pasipoti. Hapo tulikula bukari pamoja na sombe na samaki wadogo waliokaangwa. Bukari ya Lubumbashi ni ya unga wa mahindi, nayo ina historia yake. Kampuni iliwapa wafanyakazi posho ya unga, na mahindi mengi yalitoka kusini kwa gari la moshi. Watu waliokua kwa muhogo au kwa ndizi walijifunza kula chakula cha kampuni, na wajukuu wao leo wanakiita chakula cha nyumbani. Hata sasa unga mwingi hupita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Mama aliyetupikia alituambia, "Wanangu, mpaka ukifungwa asubuhi, jioni bei imepanda." Hakusema kwa hasira, ila kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Lakini kitu kilichotuweka pale muda mrefu ni kikanda. Ukikitazama, utadhani ni kipande cha nyama: kina rangi ya kahawia, kigumu kidogo, kinakatwa vipande kwa kisu. Kumbe hakina nyama hata chembe. Hutengenezwa kwa viazi vidogo vya maua ya mwituni, yale ya jamii ya okidi, yaotayo katika mabonde yenye majani. Viazi hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga zilizosagwa, pilipili na magadi, kisha hupikwa mpaka vikashikamana. Kimoja tu ni cha kusikitisha. Anayechimba kiazi huua mmea, na walaji wa mjini ni wengi kuliko maua ya bondeni. Wachimbaji hulazimika kwenda mbali zaidi kuliko mama zao. Tulinunua vipande viwili, tukavila tukitembea, tukateremsha kwa kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha unga wa mahindi kinachopata utamu wake kutokana na mizizi.

Siku ya pili tulikwenda katika jumba la makumbusho. Tunapenda sana neno hilo la Kiswahili. Kifaransa hakimwambii mtoto kazi ya nyumba ile, lakini Kiswahili kinamwambia: humo watu hukumbushwa. Jumba hili lilianza na vitu vilivyokusanywa na Francis Cabu, aliyechunguza mambo ya kale ya Katanga.

Tulisimama zaidi mbele ya misalaba ya shaba. Si misalaba ya Kanisa, maana ilikuwako karne nyingi kabla mmisionari wa kwanza hajafika. Ni vipande vya shaba vyenye mikono minne, vilivyomiminwa katika vijungu vya mchanga au udongo. Mafundi waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru lililojengwa kwa udongo wa kichuguu, baada ya mavuno, wakati mvua imekoma. Kazi yao iliitwa kula shaba, nao waliitwa walaji wa shaba. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta misalaba hiyo pamoja na vyungu vizuri mno. Hapo ndipo akili ilipochangamka. Katika makaburi ya zamani zaidi misalaba ni mikubwa na michache, imelazwa kifuani pa marehemu. Katika yale ya baadaye ni midogo, mingi, ya kipimo kimoja, nayo iko karibu na mikono au kiunoni. Maana yake ni nini? Kitu cha heshima kilikuwa kinageuka kuwa fedha. Watu wa ziwa walikuwa na sarafu yao, wakaihesabu kwa mikono yao, karne kadhaa kabla ya franka.

Mji huu una jambo lingine la fahari, nalo ni karakana iliyoitwa Hangar. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani mwanamaji wa kijeshi, aliwakusanya vijana akawapa rangi na karatasi. Hakuwapa picha za Ulaya waziige. Pilipili Mulongoy akachora ndege, nyoka na samaki kati ya majani. Mwenze Kibwanga akaijaza picha yake kwa vistari vingi vilivyolala pamoja kama nyuzi za mfumaji. Bela alitia rangi kwa ncha za vidole. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu katika shule ya sanaa ya mji. Picha za Hangar tunazipenda, ingawa tunakiri kwamba ukizitazama nyingi kwa mfululizo, unaona paradiso ya wanyama bila mgodi, bila polisi, bila foleni ya posho. Wazungu wa wakati ule walizinunua kwa wingi. Leo nyingi ziko Ulaya.

Jioni ya siku ya tatu ilikuwa ya muziki. Lubumbashi na Likasi ni nchi ya gitaa kavu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, alimkuta kijana wa Bunkeya katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Kijana huyo ni Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930. Kwa kidole gumba na cha shahada aliifanya gitaa moja isikike kama mbili. Wapigaji wa Nairobi na wa mbali zaidi walijifunza kwake, na mwaka 1969 alipiga huko Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Upande wa kanisani palikuwa na waimbaji vijana waliokusanywa mwaka 1937 na Padre Anschaire Lamoral, Mbenedikto, wakaitwa Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Joseph Kiwele, mtunzi wa Misa Katanga, naye alifanya kazi katika mji huo huo. Hivyo ule msalaba wa kaburini umekwisha kuwa fedha, umekuwa jina la kwaya, na mwaka 1960 ukawekwa hata katika bendera ya Katanga iliyojitenga.

Sisi lakini tulikwenda uani, mtaani Katuba, kusikiliza karindula. Chukua pipa la mafuta, lifunike kwa ngozi ya mbuzi, tia mti mrefu kama shingo, funga nyuzi nne: ndiyo karindula. Mpigaji anaimba kama anayesimulia. Ametaja bei ya unga, ametaja mume aliyeachishwa kazi, watu wanacheka, halafu ghafula hawacheki. Muziki huu hauna haya, na wazee wengine hawaupendi. Sisi tulikaa mpaka usiku.

Siku ya mwisho tulitafuta picha za namna nyingine. Kati ya miaka ya 1960 na 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na picha sebuleni: Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta mali, au ile iitwayo Colonie Belge, ambapo mfungwa anachapwa fimbo na mzungu anatazama. Watu waliziita ukumbusho. Mchoraji mmoja, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikusudia kuichora historia yote ya nchi. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimpelekea mwalimu Johannes Fabian picha zaidi ya 100, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Kati ya hizo iko ile ya Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma na kupigwa risasi katika uwanja wa mpira. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani alipo. Picha zake zimehifadhiwa vizuri, huko Amsterdam.

Zilichorwa juu ya nini? Juu ya magunia ya unga. Bukari ililiwa, gunia likafuliwa, likavutwa juu ya mbao, likawa picha. Wachoraji wengi wa wakati ule walifanya vivyo hivyo.

Vijana wa leo hawakulala. Mwaka 2008 Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha chama kiitwacho Picha, na maonyesho makubwa ya sanaa ambayo hufanyika mjini kila baada ya miaka kadhaa. Baloji alichukua picha za kale za wafanyakazi wa kampuni, wamesimama wembamba mbele ya mpiga picha, akazibandika juu ya picha mpya za viwanda vilivyobomoka. Wale watu wanaonekana wamerudi kazini na hawakuti kitu.

Kando ya barabara tulimkuta mchoraji aliyekaa chini ya mwembe. Tukamwuliza, "Baba, je, bado mnachora Colonie Belge?" Akasema wateja wa sasa huleta simu yenye sura ya marehemu, wakataka ichorwe kubwa. Ila aliijua, baba yake aliichora. Tukamwuliza kama angeichora juu ya gunia la unga. Akacheka. Magunia ya siku hizi, alisema, ni ya plastiki, rangi haishiki. Lazima kununua kitambaa dukani. Tukampa nusu ya bei. Alituahidi kwamba itakauka Jumamosi, na kwamba dereva wa lori atatuletea.