Afande Mfupi

Kwa miaka kumi nilimjua kwa jina la Afande Mfupi. Sikujua kuwa anaitwa Louis de Funès, wala kuwa ni Mfaransa, wala kuwa usiku ule nilipomwona mara ya kwanza alikuwa keshazikwa.

Ilikuwa mwaka 1984, upande wa Zaire, kwenye uwanja wa misheni. Sisi tulikuwa watu wa Koboko, West Nile, huko Uganda. Baba alikuwa sajini katika jeshi la Idi Amin. Jeshi lilipovunjika mwaka 1979 alirudi nyumbani kwa miguu, akazika sare yake nyuma ya ghala la mtama, akashika jembe. Oktoba 1980 vita vikarudi, Koboko na Arua zikawaka, na watu wa West Nile wakamwagika mipakani, wengine Sudan, wengine Zaire. Sisi tuliangukia Zaire kwa kuwa shangazi yake mama alikuwa ameolewa huko. Nilikuwa na miaka tisa. Nilibeba kuku wawili na redio isiyo na betri. Kuku mmoja alifika.

Koboko imekaa karibu na pale Uganda, Sudan Kusini na Kongo (wakati ule Sudan na Zaire) zinapogusana, na Wakakwa wako pande zote tatu. Kwa hiyo hatukujiona tumekwenda nchi za watu. Ugeni tuliusikia kizuizini tu, kwenye njia ya soko, pale mti mmoja ulipolazwa juu ya mapipa mawili. Palikuwa na askari ambaye sura yake ninayo mpaka leo: mwembamba, kofia imemzidi kichwa, filimbi shingoni. Kina mama wakipita na vikapu vya unga wa muhogo aliruka kama bisi kwenye sufuria. Karatasi! Kikapu chini! Nani amekuruhusu kucheka? Ikisikika gari ya mkubwa inakuja, mtu huyohuyo aligeuka mwingine: mgongo umenyooka, meno yote nje, mti umeshapanda juu kabla dereva hajapunguza mwendo. Gari ikishapita alizungusha macho kutafuta nani amemwona. Hapo ndipo ulipotakiwa utazame vidole vyako vya miguu.

Watu wa kule askari wa namna hiyo waliwaita jandarme. Basi katekista alipotangaza baada ya misa kwamba jioni padri ataonyesha sinema ya jandarme, hakuna aliyeshangilia. Mama aliuliza kama ni lazima kwenda.

Tulikwenda. Shuka jeupe lilikuwa limefungwa kati ya miembe miwili, jenereta inakoroma nyuma ya kanisa. Waliowahi walikuwa wameshajaza mbele. Sisi tuliotoka mbali tukakaa upande wa pili, nyuma ya shuka. Huko picha inaonekana vizuri tu, ila imepinduka: wa kulia yuko kushoto, na maandishi yanakwenda kinyumenyume, jambo ambalo halikutusumbua kwa kuwa yalikuwa ya Kifaransa.

Filamu ilikuwa *Le Gendarme de Saint-Tropez*, ya mwaka 1964. Inaanza nyeusi na nyeupe, kijijini, jandarme mmoja mfupi aitwaye Cruchot anawinda mwizi wa kuku. Kisha anahamishiwa mji wa pwani, na shuka zima likageuka rangi, bahari ikawa buluu, na uwanja mzima ukapiga ukelele. Sijawahi kusikia tena ukelele kama ule kwa ajili ya rangi.

Halafu Cruchot akaanza kazi. Kwa walio chini yake alifoka, alikanyaga kanyaga, uso ukipita hasira tano kwa pumzi moja, kidole kikitoboa hewa mbele ya pua za watu. Akitokea mkubwa wake, yule mnene aliyechezwa na Michel Galabru, mwili wote uliyeyuka: mabega yameshuka, tabasamu imenata, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mkubwa akigeuza kisogo, ule uso wa kwanza unarudi. Katekista alitafsiri dakika kumi za mwanzo, kisha akanyamaza na kucheka kama wengine. Hapakuwa na cha kutafsiri. Uwanja mzima ulikuwa umepita kizuizini wiki ile.

Baba hakuwa mtu wa kucheka. Tangu azike sare yake alikuwa anazungumza kama mtu anayehesabu hela za kukopa. Alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono mgongoni, mguu sawa, kama yuko gwaride. Cruchot akampigia mkubwa wake saluti. Nikasikia sauti ngeni juu ya kichwa changu.

“Mkono wa kushoto!” baba alisema. “Amepiga saluti ya kushoto! Leo atalala mahabusu huyu!”

Akacheka mpaka akachuchumaa, akashika bega la mama. Kila saluti ilipokuja, na zilikuja nyingi, alisema tena: kushoto! Hakuna aliyemwambia kuwa tumekaa nyuma ya shuka. Sidhani kama mama alitaka kumwambia.

Kuna kipande ambacho jandarme wote wanajifunga majani, wanatambaa kuelekea ufukweni kukamata watu. Kila walipokaribia, padri aliweka kiganja mbele ya lenzi. Giza. Tunasikia filimbi, mayowe, watu wanakimbia. Kiganja kinaondoka, jandarme wanarudi wanahema. Nilikaa miaka kumi nikijiuliza wanawinda nini. Sehemu ambayo padri hakuiziba ni ya yule mtawa anayeendesha kigari chake huku abiria wake anajiombea. Na sista mmoja wa misheni, ambaye Land Rover yake ilijulikana kwa vumbi kabla haijaonekana, alijifunika uso kwa shela.

Mwaka 1986 tulirudi Koboko. Nyumba ilikuwa imebaki kuta mbili. Sare nyuma ya ghala ilikuwa imeoza, zimebaki vifungo.

Nilimwona tena Afande Mfupi mwaka 1994, Arua, mtaa wa Oli, kwenye kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao na gunia mlangoni. Kaseti zilitoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka, pamoja na vitenge na sabuni. Mtafsiri alikuwa kijana wa Kinubi aliyeshika maikrofoni karibu kabisa na meno. Hakujua Kifaransa hata neno moja, na filamu nzima aliisema kwa Kiswahili cha kambini.

Hili lahitaji maelezo kidogo kwa wasomaji wa Tanga na Unguja, ambao Kiswahili kwao ni maziwa ya mama. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini Waganda wengi walikuwa wamekwisha kukipokea kwa njia nyingine, kwenye ncha ya bunduki: lala chini, toa pesa, panda lori. Kusini mwa nchi, sauti ya Kiswahili usiku ilifanya watu wazime taa. Kwetu West Nile, walikotoka askari wengi tangu enzi za Waingereza, kilikuwa pia lugha ya kuulizia chumvi. Kijana yule alizijua njia zote mbili. “Nyinyi wajinga! Simama mstari! Kofia ya wewe iko wapi?” Kisha, sauti imepakwa samli: “Ndiyo afande. Hapana afande. Mimi iko nyuma ya wewe, afande.” Watu waliokuwa wamewahi kulazwa chini kwa maneno hayohayo walikuwa wanapiga mabenchi kwa viganja. Wanaume wawili walikuja kila jioni kwa wiki nzima. Na nikaona hatimaye wanaowindwa pwani: watu uchi wa mnyama, wanaota jua. Padri alikuwa na haki.

Jina nililisoma kwenye ganda la kaseti ile. Mengine niliyakusanya taratibu, kwa miaka. Alizaliwa 31 Julai 1914 huko Courbevoie, kando ya Paris, wazazi wake wahamiaji kutoka Seville. Kimo chake kilikuwa mita 1.64. Alipiga piano kwenye baa za usiku, na tangu mwaka 1945 alipita kwenye filamu zaidi ya mia akiwa bawabu, mhudumu, mtu wa kupita tu. Alipomvaa Cruchot alikuwa anakaribia hamsini. Miaka miwili baadaye filamu yake *La Grande Vadrouille* iliuza tiketi zaidi ya milioni 17 Ufaransa. Hasira zile alisema alizichukua kwa mama yake, aliyemkimbiza kuzunguka meza. Alipata shambulio la moyo mwaka 1975, akapunguza kuruka. Nyumbani alikuwa mtu wa kimya, mpanda mawaridi. Alifariki 27 Januari 1983.

Mimi nashikilia hili: mtu aliyekaa miaka ishirini akifungua milango kwenye filamu za wenzake aliujua mgongo wa mnyonge kutoka ndani. Kufoka kwa Cruchot ni woga uliovaa kofia. Yule wa kizuizini naye huenda alikuwa na mkubwa aliyemtoa jasho. Ingawa sikumsamehe kwa kuku wetu wa pili.

Siku ya tatu ya filamu ile pale Oli, baba alikuja Arua kung'olewa jino. Nilimpeleka jioni kibandani, shavu limevimba, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini. Nikamkalisha benchi la mbele kabisa, mbele ya televisheni, na sikumwambia ni filamu gani. Rangi ilipoingia alinigusa goti. Alikuwa ameikumbuka.

Nikasubiri. Mkubwa akatokea, Cruchot akakaza visigino, mkono ukapanda. Wa kulia, safi, kama wa mtu aliyefundishwa.

Baba alitazama saluti ya kwanza, akatazama ya pili. Kisha akaniinamia, akasema kwa taabu ya lile shavu:

“Huyu siye. Yule alikuwa mashoto.”